Kundi lipi la kuacha pombe likufae: AA, SMART Recovery, LifeRing au Women for Sobriety

Mtu anayetafuta kundi la kuacha pombe mara nyingi hulitafuta saa mbaya: usiku wa manane, au alfajiri mikono ikimtetemeka, au dakika chache baada ya mtu wa nyumbani kwake kusema neno zito. Saa hiyo hahitaji majina kumi. Anachohitaji ni kujua kesho aende wapi, atakuta nini mlangoni, na pasipomfaa ajaribu wapi tena. Nimemwandikia yeye, na ndugu yake anayemtafutia.

Nilimsindikiza mtu wangu wa karibu kwenye mikutano hii kwa miezi mingi. Mkutano wa kwanza hakuumaliza. Aliketi, akainua macho, akamwona mtu wa ofisini kwao kwenye kiti cha mkabala. Akanyanyuka, akatoka, nami nikamfuata. Wiki tatu zilizofuata alizinywa zote. Si kwamba hakutaka kuacha. Alitaka kuliko kitu chochote. Kosa letu ni kwamba tulikwenda bila kujiuliza ni jambo gani litakalomkimbiza, na likimkimbiza, mlango wa pili ni upi. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza kundi lipi ni zuri, namrudishia swali: wewe ni kitu gani kitakunyanyua kitini? Jibu lake hutuonyesha pa kuanzia.

Mwili kwanza

Mtu anayekunywa kila siku, hasa yule ambaye asipozimua asubuhi hawezi hata kushika kikombe, asikate pombe ghafla akiwa peke yake eti kwa sababu kesho ana mkutano. Pombe ni miongoni mwa vilevi vichache ambavyo kuviacha kwa mkupuo kunaweza kuua. Degedege huweza kumpata mtu kati ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kuchanganyikiwa kwa hatari, mtu akiona visivyokuwepo, jasho likimtoka na moyo ukimwenda mbio, mara nyingi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Aende hospitali, na aseme ukweli wa kiasi anachokunywa, bila kupunguza. Zipo dawa za kumvusha siku hizo salama. Zipo na za baadaye, kama naltrexone na acamprosate, zinazomsaidia asirudie. Kundi haliwezi kufanya kazi hiyo, na dawa haiwezi kufanya kazi ya kundi. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Nani ni nani

Alcoholics Anonymous, au AA, ilianza 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, aliyewahi kufanya kazi kwenye soko la hisa, alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Yuko ugenini, biashara iliyompeleka imeharibika, na baa ya hoteli iko hatua chache kutoka aliposimama. Akaanza kupiga simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, si ili amwokoe huyo mtu, bali ili yeye mwenyewe asinywe. Akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji. AA yote imejengwa juu ya jioni ile. Ina Hatua 12, haina ada wala fomu, na sharti la kujiunga ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna kundi lililoenea kama hili. Lipo katika nchi zipatazo 180.

SMART Recovery ilianzishwa 1994, nayo Marekani. Haina hatua. Inatumia mbinu zilezile ambazo wanasaikolojia hutumia kumsaidia mtu kubadili fikra na tabia, na kazi yake imegawanyika mara nne: kujenga ari ya kuacha, kuikabili hamu inapokuja, kutawala mawazo na hisia, na kuyapa maisha uwiano. Mkutano huongozwa na mtu aliyepewa mafunzo, ambaye si lazima awe aliwahi kuwa mraibu.

LifeRing haina dini, haina hatua, haina mitaala. Watu wanakaa, wanaulizana wiki ilikwendaje na wiki ijayo ina mitego gani. Women for Sobriety ni ya wanawake peke yao. Iliasisiwa 1975 na Jean Kirkpatrick, mwanasosholojia aliyekuwa amesumbuliwa na pombe miaka mingi, na ina kauli 13 ambazo mwanamke hujikumbusha kila siku.

Ikiwa kinachokukimbiza ni habari za Mungu

Katika Hatua 12 za AA, sita zinamtaja Mungu au Nguvu iliyo kuu kuliko sisi. Mikutano mingi hufungwa kwa sala. Wenyewe watakuambia kwamba ni Mungu "kama unavyomwelewa wewe", na wanamaanisha. Nimewasikia watu wakisema nguvu yao kuu ni kundi lenyewe, na hakuna aliyewakemea. Lakini kama neno hilo tu linakufunga masikio, usijilazimishe kwa mwaka mzima ukingoja lizoeleke. SMART na LifeRing hazina sala. Hata ndani ya AA ipo mikutano ya wasioamini. Mjini Chicago ilianza 1975.

Wapo pia waliokimbizwa na kinyume chake: wanaona Mungu anatajwa nusunusu. Mkristo anayetaka Biblia ifunguliwe katikati ya mkutano atazame Celebrate Recovery, iliyoanza 1991 katika kanisa moja la California, au Blue Cross, ambayo ni kongwe kuliko zote ninazozitaja hapa, iliyoanzishwa 1877 mjini Geneva. Mwislamu anaweza kuitafuta Millati Islami, iliyoanza 1989 mjini Baltimore, ambayo imezipanga hatua 12 upya kwa misingi ya Uislamu.

Ikiwa ni lile jina

"Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Ndivyo watu wanavyoanza kuzungumza katika AA. Kwa Kiswahili sentensi hiyo ina ukali ambao Kiingereza chake hakina. Mlevi kwetu ni tusi. Kujiita hivyo mbele ya watu usiowajua kunaweza kumchoma mtu aliyekwisha kuitwa hivyo vya kutosha nyumbani kwake.

Nina maoni mawili, na yote nayashikilia. La kwanza, hakuna anayekulazimisha. Unaweza kutaja jina lako la kwanza ukanyamaza, au kusema "leo nasikiliza tu". La pili, nimeona sentensi hiyo ikimfungua mtu. Tusi linapotoka kinywani mwa mwenyewe, katika chumba ambacho kila mtu amelisema, huwa halina tena wa kumpigia nalo.

SMART wameamua kutobandika majina kabisa: tatizo ni tabia yako, si wewe. Women for Sobriety wanakwenda mbali zaidi. Mwanamke hujitambulisha kwa kutaja uwezo wake, si ugonjwa wake. Mtu ambaye aibu ndiyo iliyompeleka kwenye chupa, ningemwambia aanzie huko.

Ikiwa ni kimya, au ni maswali

Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na wanaoanza hawaambiwi.

Katika mikutano mingi ya AA hakuna kujibizana. Mtu anashea, yaani anasimulia yake, labda dakika tatu, labda tano. Akimaliza, wengine wanasema "asante", anaanza mwingine. Hakuna ushauri, hakuna swali, hakuna "mimi ningekuwa wewe". Mgeni aliyetoka kusema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, kisha akaona zamu imehamia kwa jirani, anaweza kudhani amepuuzwa. Hakupuuzwa. Kimya kile kimewekwa makusudi ili mtu aweze kusema lolote bila kuogopa kuhukumiwa. Mazungumzo yanakuja mkutano ukishakwisha, viti vinapokunjwa, pale mtu anapokusogelea na kusema "ulilolisema limenigusa". Anayetoka mbio dakika ya mwisho anakosa nusu ya mkutano.

SMART ni kinyume. Ukisema Ijumaa jioni ndiyo inayokuangusha, mwongozaji atauliza: saa ngapi? Ukiwa wapi? Kabla ya hamu kuja ulikuwa unawaza nini? Wengine nao watachangia. Wana karatasi moja ninayoipenda, ambayo mtu hata akiwa peke yake anaweza kuichora. Unaigawa visanduku vinne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Kisanduku cha kwanza ndicho ambacho watu huogopa kukijaza, kwa sababu maisha yao yote wameambiwa pombe haina faida. Lakini inayo, la sivyo wasingekunywa. Niliona mtu akiandika hapo: "nalala bila kumsikia baba". Akaitazama sentensi hiyo muda mrefu. Kisha kila faida unaiwekea alama: ni ya muda mfupi au ya kudumu? Kisanduku cha faida za kunywa, karibu mistari yote ilikuwa ya muda mfupi. Na ile ya baba ikamwonyesha kwamba hata akiacha pombe, usingizi ni jambo atakalolitafutia dawa nyingine, au litamrudisha palepale.

LifeRing wako katikati. Ni mazungumzo ya kawaida, watu kama kumi kwa kundi, mnajibizana kwa upole bila karatasi. Kwa mtu anayechoshwa na mafundisho ya aina yoyote, ni pumziko.

Basi jipime. Wewe ni mtu wa kutaka kusema bila kuulizwa, au wa kuulizwa ndipo useme? Usilibeze swali hilo; mimi naona lina uzito kuliko la dini.

Saa tano usiku

Mkutano ni saa moja au moja na nusu. Wiki ina saa 168. Hamu haingoji Jumanne.

Hapa AA inawapita wote. Ina sponsa, mtu aliyekutangulia katika kuacha, ambaye anakupa namba yake ya simu na anategemea uipige kabla ya kunywa, si baada. Halipwi. Anakupitisha hatua 12 moja baada ya nyingine, na kama yeye mwenyewe atakavyokuambia, kukusaidia wewe ndiko kunakomshikilia yeye. Mwanamume huchukua sponsa wa kiume, mwanamke wa kike, ndivyo wengi wanavyoshauri. SMART hawana sponsa; wanataka ujifunze kuikabili hamu kwa zana zako mwenyewe, na ukishasimama unaweza kuhitimu na kwenda zako. Ni wazo zuri kwa mtu mwenye watu wanaomzunguka. Mtu anayeishi peke yake, simu yake haiiti, ningemsukuma kwenda AA hata kama mengine yote ya SMART yanampendeza. Na hakuna anayekataza kwenda kote kuwili. Wengi wanafanya hivyo: karatasi huku, sponsa kule.

Mwanamke katika chumba cha wanaume

Mikutano mingi ya mchanganyiko wanaume huwa wengi. Mwanamke ambaye ulevi wake umefungamana na kipigo, kubakwa au kunyang'anywa watoto hawezi kuyasema hayo mbele ya kila mtu, na asidaiwe kuyasema. Women for Sobriety iko kwa ajili yake, na AA nayo ina mikutano ya wanawake tu; uliza, ipo zaidi ya inavyotangazwa. Jambo moja lisemwe waziwazi: wapo wazoefu wanaowanyemelea wageni kimapenzi. Wenyewe wana jina lake, hatua ya 13. Mtu akianza hivyo katika majuma yako ya mwanzo, badili mkutano, na ukiweza mwambie mwanamke mwenye miaka mingi pale. Kundi zuri humkanya.

Hofu ya kuonekana

Mikutano ya AA ni ya aina mbili. Ya wazi inaruhusu yeyote: ndugu, mwanafunzi, mtu anayetaka kuona tu. Ya kufungwa ni ya wenye tatizo la pombe peke yao. Kama unaogopa macho, chagua ya kufungwa. Mimi nilikaa katika ile ya wazi tu, na ndivyo inavyotakiwa. Elewa pia kwamba siri ya kundi ni ahadi ya watu, si kiapo cha daktari. Inaheshimiwa sana, lakini jambo ambalo lingekufikisha mahakamani mpelekee wakili au mtaalamu, si duara la viti.

Mikutano ya mtandaoni imerahisisha hofu hii kuliko kitu chochote. AA, SMART, LifeRing na Women for Sobriety zote zinayo, na kwa kuwa dunia ina saa tofauti, karibu wakati wowote pana mkutano unaoendelea. Unaweza kuzima kamera na kuandika jina la kwanza tu. Kwa mlezi wa watoto wadogo, mgonjwa, au anayeishi mbali, huo ndio mlango. Na ukweli ni kwamba nje ya AA, makundi mengine haya katika sehemu nyingi utayapata mtandaoni pekee. Upungufu wake nimeuona kwa macho. Mtu anaweza kuzima kamera na glasi iko mezani. Katika chumba, pombe inanuka na mtu atakushika bega. Kwenye simu hakuna pua. Kwa hiyo ukianza huko, jiwekee siku ya kuwasha kamera, na siku ya kuingia chumbani kwa miguu.

Mtu wangu alianza hivyo, mwezi mzima wa kamera iliyozimwa. Kisha akasema anataka kurudi kwenye ule mkutano wa kwanza. Yule wa ofisini alikuwepo, kiti kilekile. Mkutano ulipokwisha alimwambia, "Siku ile ulipotoka na mimi nilitaka kutoka. Nilidhani wewe ndiye utakayenitangaza." Leo wanapigiana simu kila Ijumaa kabla ya kutoka kazini.

Kipi kina ushahidi

Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika tafiti zilizopima kuacha kabisa, waliofanyiwa mpango maalumu wa kuwaunganisha na AA walikuwa asilimia 42 bila pombe kwa mwaka, dhidi ya asilimia 35 kwa waliopata tiba nyingine kama ile ya kubadili fikra. Kwa hiyo anayekuambia AA ni imani tu bila ushahidi amepitwa. Lakini usiisome kama ushindi dhidi ya SMART. Haikuwa SMART iliyopimwa. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2018, uliwafuatilia wanachama wa makundi ya hatua 12, SMART, LifeRing na Women for Sobriety. Palipozingatiwa kama mtu alikuwa amekusudia kuacha kabisa au kupunguza tu, tofauti kati ya makundi iliyeyuka. Waliohusika zaidi na kundi lao, lolote, ndio waliofanya vizuri.

Nakuomba uliangalie neno "kuacha kabisa". Mtu aliyefikia kuzimua asubuhi akiniambia anataka kundi la kumfundisha kunywa kwa kiasi, namhofia.

Dalili za kuondoka mara moja

Kuna viti vinavyofaa kukimbiwa. Anayekutaka uache dawa ulizoandikiwa na daktari. Anayedai fedha; katika AA kikapu kinapita lakini mgeni halazimiki kutia kitu. Anayesimulia nje yaliyosemwa ndani. Anayekukataza kwenda kundi jingine. Lakini mkutano uliokuchosha tu, au uliokuwa na msemaji mmoja asiyekoma, si sababu ya kulikataa kundi zima. Jaribu vyumba vitatu tofauti vya jina moja kabla hujasema jina hilo halikufai, kwani kila chumba kina watu wake.

Kwa ndugu anayesoma

Nawe una chako. Al-Anon ilianzishwa 1951 kwa ajili ya familia za walevi, na Lois, mke wa Bill Wilson, alikuwa mmoja wa waasisi. Haikufundishi kumwachisha mtu. Inakusaidia wewe usizame naye. SMART wana mikutano ya familia na marafiki, inayofundisha namna ya kuzungumza na mnywaji ili akubali msaada. Kama umechoka, nenda Al-Anon. Kama bado una nguvu na unataka maneno ya kusema, nenda SMART. Usingoje aache ndipo uende.

Jioni ya kwanza

Tafuta mkutano kwenye tovuti ya kundi lenyewe, kisha piga simu au andika ujumbe kuhakikisha bado upo. Ratiba hubadilika na mlango uliofungwa ni kisingizio kikubwa cha kwenda baa. Fika dakika kumi mapema. Mwambie wa kwanza utakayemwona, "Ni mara yangu ya kwanza." Maneno hayo matano yanatosha, yeye atajua la kufanya, maana na yeye aliwahi kuyasema. Kama ulikunywa mchana huo, nenda vivyo hivyo, usikilize bila kushea. Kaa karibu na mlango ikikusaidia. Mkutano ukiisha usikimbilie nje: saidia kukunja viti viwili, na usitoke bila namba moja ya simu. Ipige kesho yake mchana, wakati huna shida, ili usiku wa shida usiwe mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo.